Shajara ya mradi: Kuipa pumzi hedi ya Kikumi, Ndeeba

Jumamosi, 8 Februari 2025. Kilichopo mezani

Gari ni Corolla AE101 ya mwaka 1994, ukoo wa zile ambazo Kampala nzima inaziita Kikumi. Injini ni 4A-FE: sentimita za ujazo 1,587, silinda nne, vavu kumi na sita (milango ya kuingiza na kutoa hewa), kamshafti mbili juu (vyuma vinavyozunguka na kuzifungua vavu hizo). Inawaka vizuri na haili oili, ila ukiipandisha mlima na watu wanne ndani inahema kama mgonjwa wa pumu. Lawama si zake zote. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huku ni kama asilimia 87 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na tabochaja, pampu ya kuisukumia hewa, imeshapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kabla hujaikanyaga.

Gereji jirani wote wananiambia ning'oe injini niweke kubwa zaidi. Sitaki. Nataka kujua hewa inakwama wapi ndani ya hedi, kile kifuniko cha juu cha injini chenye vavu na njia za hewa, niipunguzie vikwazo, kisha nipime kama kweli kuna kilichobadilika. Hilo la kupima ndilo gumu. Ndeeba imejaa watu waliowahi "kufungua hedi", yaani kupanua njia zake za hewa, na kila mmoja atakuapia gari lilianza kuruka. Ukimuuliza liliruka kiasi gani, atakuambia "we panda tu ujionee".

Kwa hiyo nimenunua hedi mbili Kisekka, soko la vipuri. Ya kwanza ina ufa kati ya vavu, ni chuma chakavu, shilingi 50,000. Hii ni ya kuharibia. Ya pili nzima, 350,000, ndiyo itakayofungwa. Gari litaendelea kutembea na hedi yake ya zamani mpaka siku ya mwisho, maana nina watoto wa kupeleka shule.

Kompresheni ya sasa, yaani shinikizo ndani ya kila silinda injini inapozungushwa: 148, 150, 144, 151 psi. Kitabu cha Toyota kinataka 191, ila hiyo ni namba ya usawa wa bahari. Ukikata ile asilimia 13 ya mwinuko wetu unabaki na 166 hivi. Kwa injini ya umri huu si vibaya, na silinda ya 3 ndiyo inayochechemea.

Jumamosi, 15 Februari. Gia iliyonirukia

Leo ilikuwa kazi ya saa moja: kutoa kamshafti, vavu na springi kwenye hedi mbovu. Imenichukua saa nne.

Kwenye 4A-FE mkanda wa taimingi unazungusha kamshafti moja tu. Ya pili inazungushwa na ya kwanza kwa gia, na gia moja kati ya hizo imepasuliwa sahani mbili zenye springi katikati, ili meno yasigongane na kupiga kelele. Kabla ya kulegeza kamshafti hiyo unatakiwa uingize boliti ya milimita 6 kwenye tundu lililotobolewa makusudi, ili sahani mbili zifungane. Nilijua. Niliwahi hata kumwambia kijana mwingine. Halafu nikalegeza kepu za kamshafti huku nikisimulia mechi ya jana, na gia ikafyatuka kwa mlio mmoja mkavu. Meno ya sahani moja yakahama mbele ya meno ya nyingine.

Kuirudisha: kamshafti kwenye jiriwa kati ya vipande viwili vya mbao, boliti mbili ndogo kwenye matundu ya gia, bisibisi ndefu kati yake kama mkono wa kuzungushia, mtu mmoja anavuta, mwingine anasubiri meno yalingane aingize boliti ya kufungia. Tulikuwa wawili na bado ilituponyoka mara tatu. Ile boliti ya milimita 6 sasa imefungwa kwa waya mwekundu na inaning'inia kwenye sanduku la spana, nisije kusingizia kwamba sikuiona.

Jambo jingine la leo: nimeikata hedi mbovu kwa msumeno kupitia silinda ya 4, upande wa kuingiza hewa, nikaona kwa macho unene wa alumini mpaka kwenye mikondo ya maji ya kupozea. Sehemu nyingine una milimita 5 za kuchezea, nyingine 3. Upande wa ekzosti sikukata. Jua lilikuwa kali na msumeno umeisha meno. Uvivu huo nitaulipia huko mbele.

Jumamosi, 22 Februari. Meza ya kupimia hewa

Maduka ya mashindano huko ng'ambo yana mashine maalumu, bei yake sikuiuliza. Yangu ni sanduku la mbao za plaiwudi, mota mbili za mashine ya kufyonzea vumbi (80,000 zote), mipira myembamba inayoonekana ndani na maji yaliyotiwa rangi. Mbao, gundi na mipira: 38,000.

Inavyofanya kazi: mota zinavuta hewa kupitia hedi, kisha kupitia bamba lenye tundu la duara, kisha nje. Mpira wa kwanza wenye maji unaonyesha mvuto chini ya hedi. Huo nauweka milimita 250 za maji kila mara kwa kufungua au kufunga kidirisha cha pembeni. Mpira wa pili unaonyesha tofauti ya shinikizo mbele na nyuma ya bamba. Hewa ikipita nyingi zaidi, tofauti hiyo inakua. Mashine kubwa hupimia inchi 28 za maji, mimi niko kwenye inchi 10 hivi. Haidhuru, kwa sababu silinganishi na mtu. Nalinganisha njia ya asubuhi na njia ya jioni.

Hedi inakaa juu ya kipande cha bomba la plastiki ambalo kwa ndani linakaribia milimita 81, kipenyo cha silinda. Springi za vavu nimetoa, nikaweka za kalamu za wino, na boliti juu ya kila vavu inaisukuma chini kwa kipimo cha daio, saa ya kupimia sehemu za milimita. Mdomo wa njia ya hewa umezungushiwa udongo wa kuchezea watoto, uwe mviringo kama mdomo wa tarumbeta. Bila udongo, hewa inajikwaa kwenye ukingo mkali na unapima ukingo, hupimi njia.

Kosa la meza: nilipima njia ile ile mara tano nikapata majibu matano. Kumbe umeme wa mtaani unapanda na kushuka, na mota zinaufuata. Niliamka saa kumi usiku nikidhani muda huo umeme utatulia. Haukutulia, nikamwamsha mama watoto bure. Dawa ni bamba la rejea: kipande cha bati la milimita 3 chenye tundu la milimita 25. Kabla ya kila kipimo naweka bati, nasoma, natoa, naweka hedi, nasoma, kisha bati tena. Masomo mawili ya bati yakitofautiana zaidi ya milimita 2 za maji, kipimo kinatupwa. Kama unaiga meza hii, anza na hilo bati.

Jumapili, 2 Machi. Asilimia 16 ambazo hazikuwapo

Njia ya silinda ya 1, hedi mbovu. Nilichofanya ni kidogo mno, karibu kinatia aibu kukiandika. Chini ya kila siti ya vavu kuna ngazi: siti ni pete ya chuma kigumu iliyokandamizwa ndani ya alumini, na pale kikata cha kiwandani kilipoishia pamebaki kidirizi. Ukipitisha ncha ya kidole unakisikia kama ukingo wa sarafu. Nikakilainisha mpaka kidole kikapita bila kugonga, nikapunguza mabega ya gaidi la vavu, kile kibomba kinachouongoza mkia wake, pande zote mbili bila kuligusa lenyewe. Ndiyo, gaidi. Mafundi wote tunaliita hivyo, kutoka "guide" ya Kiingereza, na tabia ni zake: limesimama katikati ya njia linanyang'anya kila anayepita.

Kisha nikapeleka hedi kwa mzee wa mashine, fundi wa kukata siti. Siti za silinda hiyo akanikatia kwa pembe tatu badala ya moja: 45 pale vavu inapokalia, 30 upande wa juu kuelekea chumba cha moto, 60 upande wa chini kuelekea njia ya hewa. Kwa ukarimu wake nilimlipa soda.

Kwenye meza, vavu ikiwa imefunguliwa milimita 4, maji ya bamba yalipanda kutoka 120 hadi 139. Nikagawanya: ongezeko la asilimia 16 kasoro kidogo. Nikampigia shemeji simu kujisifu. Nikatuma picha.

Mpwa wangu yuko S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, anasoma fizikia, alikuja kula kikomando (chapati na maharage) kwangu. Aliangalia daftari akanyamaza, halafu akasema kwa upole, "Mjomba, hapo si unatakiwa kutafuta kipeuo cha pili?"

Ana haki. Tofauti ya shinikizo kwenye tundu inakua kwa mraba wa mtiririko. Hewa ikiongezeka maradufu, maji yanapanda mara nne. Kwa hiyo ongezeko halisi ni kipeuo cha pili cha 139 kwa 120, yaani asilimia 7.6. Shemeji sijampigia tena.

Namba zote zilizosahihishwa, hedi ya kiwanda ikihesabiwa 100: milimita 2, imekuwa 106. Milimita 4, 108. Milimita 6, 107. Milimita 7, 106.

Jumapili, 9 Machi. Njia ya 2 na ya 3: nilipozidisha

Kazi ya vifaa kwanza. Biti ya kabaidi niliyouziwa (45,000) ina meno ya msalaba, ya kukatia chuma. Kwenye alumini ilijaa baada ya dakika mbili, ikawa kama kijiti cha peremende, na badala ya kukata ikaanza kusugua na kupiga makelele. Kuichovya kwenye parafini kila baada ya sekunde chache kunasaidia. Kuisugua mshumaa kunasaidia zaidi. Lakini dawa ya kweli ni biti yenye meno makubwa ya upande mmoja, 30,000, niliyoipata siku ya pili kwenye duka lile lile. Muuzaji alikuwa nayo tangu mwanzo, sikumuuliza. Msasa naupachika kwenye fimbo ya milimita 6 niliyoipasua kichwa kwa msumeno, ukanda unazungushwa mara tatu, unaingia kwenye grainda. Barakoa na miwani si hiari. Unga wa alumini ukikaa kifuani hautoki kwa kukohoa.

Silinda ya 2: nikaamua kufanya kile ambacho kila mtu hapa Ndeeba hufanya. Nikapanua njia nzima, nikashusha sakafu yake, na ile kona fupi ambapo hewa inakunja kushuka kwenye vavu nikaikata iwe chini zaidi. Ukiangalia kwa tochi inapendeza, tundu kubwa, unaona vavu yote.

Matokeo: milimita 2, 101. Milimita 4, 102. Milimita 6, 97. Milimita 7, 94. Nilipima tena. 94. Na mlio ulibadilika. Njia ya 1 inavuma, hii inakereketa kama mtu anayeongea na koo linalouma.

Nikafunga uzi mwekundu wa sufu kwenye ncha ya waya, nikauingiza polepole. Kwenye dari ya njia uzi ulinyooka kuelekea vavu. Nikaushusha mpaka sentimita moja juu ya kona fupi: ukaanza kutetemeka. Nikaushusha tena mpaka karibu uguse, ukageuka ukatazama kwangu. Hewa pale ilikuwa inarudi nyuma. Nilikuwa nimeifanya kona kali mno, hewa inashindwa kuikunja, inaachana na sakafu, na nusu ya tundu langu kubwa imejaa hewa inayozunguka bila kwenda popote.

Silinda ya 3: kazi ile ile ya njia ya 1, kisha nikaing'arisha mpaka nikaona pua yangu ndani. Jioni nzima. Tofauti na njia ya 1 isiyong'arishwa: sifuri milimita 2 na 4, moja zaidi milimita 6. Na kwa upande wa kuingiza, kung'arisha kunaweza kukudhuru, kwa sababu petroli iliyotua ukutani inahitaji uso wenye ukwaru kidogo ili isijikusanye matone na kutiririka. Hedi nzima itaishia msasa namba 80 upande wa kuingiza. Ekzosti ndiyo nitaing'arisha, masizi yasipate pa kushika.

Usiku nikakaa na kalamu kuelewa kwa nini kazi ndogo imeishinda kubwa, na hesabu yenyewe ikawa fupi. Mlango ambao hewa inapitia vavu inapofunguka ni kama mkanda unaouzunguka ukingo wake: mzingo mara urefu wa kufunguka. Mkanda huo unalingana na eneo la tundu lote vavu ikifunguka robo ya kipenyo chake. Vavu zangu za kuingiza ni takriban milimita 30, robo yake ni 7.5. Kamshafti ya gari langu nimeipima kwa daio: inainua milimita 7 na kidogo. Maana yake injini hii, tangu vavu inapofunguka mpaka inapofunga, haijawahi kufika mahali ambapo njia ya nyuma ndiyo kikwazo kikuu. Kikwazo ni ule mkanda mwembamba kwenye siti. Unaweza kutoboa nyuma yake tundu la kupitisha paka, hewa bado itapanga foleni mlangoni.

Uamuzi wa hedi nzima: sentimita moja na nusu chini ya siti, pembe tatu, mabega ya gaidi, mdomo kulinganishwa na gasketi. Kona fupi haiguswi ila kuondoa makovu ya kiwandani.

Jumamosi, 15 Machi. Tundu

Upande wa kuingiza, silinda zote nne, umekwisha salama. Koo chini ya siti limefika asilimia 87 ya kipenyo cha vavu. Kati ya 85 na 90 ndipo watu wengi huishia, ukipita hapo siti inabaki bila mgongo. Vavu za zamani niliziacha ndani zikinilinda siti dhidi ya biti. Hata hivyo biti iliteleza mara moja na kuacha mkwaruzo kwenye siti ya silinda ya 2, utaondoka kwenye kukata.

Ekzosti, silinda ya 3, dari ya njia, karibu na gaidi. Nilikuwa nimeinama, tochi mdomoni, nasikia alumini ikitoka laini kama siagi. Sauti ikabadilika ghafla, nyembamba zaidi, kama kugonga debe. Nikasimamisha grainda. Kulikuwa na doa jeusi dogo, ukubwa wa kichwa cha kiberiti, na ndani yake kutu. Kutu hiyo ni ya kwenye maji.

Niliikalia kimya kwenye tairi la lori kama robo saa. Kisha nikachukua ile hedi mbovu na msumeno mpya, nikakata upande wa ekzosti, kazi niliyoiacha tarehe 15 Februari. Dari pale ni milimita 2 na kidogo. Ningeiona mwezi mmoja uliopita.

Jumatano, 19 Machi. Katwe

Katwe, mtaa wa mafundi wa vyuma, kila mtu anaweza kuchomelea. Wa alumini ni wachache, na wa hedi ya alumini nilielekezwa mmoja, mzee kutoka Bukavu, Kiswahili chake cha kule, cha kuimba. Ni mwezi wa Ramadhani na amefunga, akaniambia nije saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali.

"Kijana," akaniuliza, "hii imekunywa oili miaka mingapi?"

Nikamwambia thelathini.

"Basi itatapika kwanza."

Akaiosha kwa maji ya moto na sabuni, akaisugua tundu kwa brashi ya chuma cha pua ambayo haijawahi kugusa chuma kingine, kisha akaipasha moto hedi yote juu ya jiko la mkaa, si pale kwenye tundu tu. Alikuwa anadondosha maji kwa vidole, matone yalipoanza kucheza juu ya alumini badala ya kutulia, akawasha mashine ya kuchomelea kwa gesi ya argoni. Akanieleza huku akifanya: alumini inayeyuka nyuzi 660 hivi, lakini ngozi yake ya juu, ile oksidi, inataka zaidi ya nyuzi 2,000. Ukipeleka moto bila kuivunja ngozi, ndani kunakuwa uji na juu bado ni gamba. Ndiyo maana mashine huwekwa kwenye umeme wa kupishana, nusu moja ya mzunguko inavunja gamba na nusu nyingine inayeyusha.

Mara ya kwanza ilitapika kweli: vipovu vyeusi, masizi, harufu ya oili iliyoungua. Akakwangua akarudia. Mara ya tatu ndipo dimbwi likang'aa kama zebaki. Akaifunika hedi kwa majivu ya moto ipoe polepole mpaka adhuhuri. 70,000, na akakataa kupunguza, nami sikushikilia sana.

Jioni nikaijaribu: matundu yote ya maji yamezibwa kwa mipira na mabamba, hewa ya pampu ndani, hedi yote ndani ya pipa la maji. Dakika kumi, hakuna povu. Ila rula ya chuma na filagaji, vibati vyembamba vya kupimia mwanya, zinaonyesha uso umepinda milimita 0.12. Kikomo cha Toyota ni 0.05. Joto la kuchomelea halitoi zawadi.

Jumamosi, 29 Machi. Siti, uso na shimu

Mzee wa mashine: kukwangua uso milimita 0.2 (60,000), siti zote kumi na sita pembe tatu (80,000), upana wa kukalia vavu kati ya milimita 1.0 na 1.4. Kukwangua kumepunguza chumba cha moto kwa kama sentimita moja ya ujazo. Nilipima kwa sirinji, kioo cha plastiki na mafuta ya taa. Uwiano wa mgandamizo unapanda kutoka 9.5 hadi karibu 9.7. Petroli ya hapa itaubeba.

Kosa la wiki: sikufikiria shimu, visahani vinavyokaa kati ya vavu na kamshafti kurekebisha nafasi. Ukikata siti, vavu inazama ndani zaidi, mkia wake unapanda juu, na nafasi kati yake na kamshafti inapungua. Kitabu kinataka 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza, 0.20 hadi 0.30 ekzosti, injini ikiwa baridi. Mimi nilikuta vavu tatu za kuingiza kwenye 0.08 na moja ya ekzosti haina nafasi kabisa. Ukiwasha hivyo, vavu haifungi, na vavu isiyofunga haipozwi na siti, inaungua.

Shimu mpya zinaagizwa. Za zamani zipo Kisekka, ndani ya makopo ya maziwa ya unga, mamia, zimechanganyika kama vifungo vya fundi cherehani. Nilienda na maikromita yangu, muuzaji akanipa kigoda na kopo, nikakaa toka saa nne mpaka saa saba nikipima moja moja. Namba zilizochapwa mgongoni usiziamini, nyingi zimelika. Nimepata kumi na moja kwa 33,000. Vavu zote sasa ziko ndani ya kipimo.

Jumamosi, 5 Aprili. Kuwasha

Kufunga hedi hakuna hadithi: gasketi mpya (seti 130,000, pamoja na sili za vavu), boliti kumi kuanzia katikati kwenda nje kwa awamu tatu (nyutoni-mita 29, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena), mkanda mpya wa taimingi 65,000, oili na maji ya kupozea 110,000. Boliti za hedi zina urefu wa aina mbili, zipange kwenye kadibodi unapozitoa.

Ikawaka mara ya pili. Halafu bila kukanyagwa mizunguko yake ikaanza kupanda na kushuka, 900, 1,600, 900, 1,600, kama mtu anayebishana peke yake. Injini hii inapima hewa kwa sensa ya shinikizo la manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye hedi; hewa ya wizi ikiingia inadhani umekanyaga. Nikapuliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye maungio, mbali na ekzosti. Nilipofika silinda ya 4 mlio ukabadilika.

Kumbe nilipolinganisha mdomo wa silinda hiyo na gasketi, nilifuata mstari wa nje wa wino badala ya wa ndani. Ukingo wa kukalia gasketi umebaki milimita 2 upande wa chini. Manifoldi ikatoka, nikaisugua uso juu ya kioo kwa msasa mpaka ikakaa sawa, gasketi nyingine 15,000, silikoni nyembamba upande huo tu. Imetulia kwenye 800.

Jumamosi, 3 Mei. Namba za barabarani

Kilomita 1,100 tangu kufunga. Plagi zote nne rangi ya kahawia nyepesi, kwa hiyo petroli inafuata hewa iliyoongezeka. Kompresheni: 167, 168, 166, 168. Sehemu kubwa ya hilo ni siti mpya zinazofunga. Atakayekuambia ni "poti", yaani njia za hewa zilizochongwa, anakuuzia kitu.

Kipimo cha mwendo: barabara ya kulipia ya Entebbe, gia ya tatu, kutoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa, watu wawili garini, mpwa anashika saa, kwenda na kurudi ili upepo na mteremko vifutane. Februari, hedi ya zamani: wastani wa sekunde 9.3 kwa mara sita. Leo: 8.6. Ada ya barabara 5,000 kwenda na 5,000 kurudi, jumla 20,000 kwa siku zote mbili. Chini ya mizunguko 2,000 sioni tofauti yoyote, wala mbaya wala nzuri. Kupanda Makindye na watu wanne bado ni gia ya pili, ila sasa inapanda bila kuzima feni.

Hesabu: hedi mbili 400,000, grainda 95,000, biti 75,000, meza 118,000, Katwe 70,000, mzee wa mashine 140,000, shimu 33,000, gasketi zote 145,000, mkanda 65,000, oili na maji 110,000, barabara 20,000. Jumla 1,271,000. Za uzembe wangu mtupu humo ni 130,000: biti ya kwanza, argoni na gasketi ya pili. Za kukwangua uso sizihesabu, huenda zingehitajika tu.

Kilichobaki: njia za ekzosti sijazipima kwenye meza, maana mota zangu zinavuta tu. Kuzigeuza zipulize kunahitaji sanduku jingine na bamba jipya la rejea. Mpwa ameichukua mipira na maji ya rangi kwa ajili ya maabara ya shule, ameahidi kuirudisha likizo ikianza. Nusu ya hedi mbovu, ile yenye kona niliyoiharibu, ipo mlangoni mwa gereji inazuia mlango usijifunge. Anayetaka kuangalia lile kosa kwa tochi apite tu.